Ujumbe wa Mama Ndunge

Nilikuwa mtoto wa miaka tisa, huku kwetu Kathiani, mwaka ambao mvua ilinyesha hadi wakati wa mavuno na watu wakaingiza mahindi ghalani yakiwa bado na unyevu. Jirani yetu Mama Ndunge, mjane aliyeishi peke yake, alinikuta siku moja nikicheza nje ya ghala la Baba Mdogo, ndugu wa baba yangu. Akafungua mlango, akachota mahindi kiganjani, akayanusa.

“Haya yameharibika,” akaniambia. “Mwambie baba yako mdogo wasiyale. Umesikia?”

Nilisikia. Kisha wenzangu wakaniita tucheze kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, nikasahau.

Wiki chache baadaye macho ya Mutheu, binti wa Baba Mdogo, yakageuka manjano. Tumbo likamvimba. Mutheu ndiye niliyezoea kulala naye kitanda kimoja. Alifariki Jumanne, na mdogo wake wa kiume akamfuata Ijumaa.

Kwetu kifo cha namna hiyo hakikuwa na jina lingine ila uchawi. Baada ya mazishi Susu, ndivyo tunavyomwita nyanya kwa Kikamba, alituketisha watoto akauliza, “Kuna mtu mlimwona karibu na ghala?”

Nikasema nilimwona Mama Ndunge akishika mahindi. Ulikuwa ukweli. Yale aliyonituma sikuyasema, maana nilikuwa nimeanza kuelewa kwamba kama nisingesahau, huenda Mutheu angekuwa hai. Niliogopa.

Watu wazima walikwenda kwa Mama Ndunge mchana huohuo. Baba yangu, aliyekuwa mzee wa kanisa, aliongoza maombi kwanza. Hilo pia lazima nilitaje. Hawakumpiga. Waling’oa mlango, wakatoa vyombo vyake nje, wakamwambia aende. Alipita mbele yetu na kuku wawili kwenye kikapu, akielekea kijiji cha Katangi, kwa kaka yake. Aliniangalia.

Siku chache baadaye wakaja watu wa afya. Walichukua mahindi wakayapima, na afisa mmoja akatuita shuleni, akatueleza kwa upole kwamba mahindi yasiyokauka huota kuvu, na kuvu hiyo ina sumu inayoharibu ini. Watu wakasikiliza, wakapokea mahindi mengine, wakaenda nyumbani. Jina la Mama Ndunge halikutajwa na yeyote.

Jioni ile nilimwambia Baba kila kitu. Alivua kofia yake akaiweka mapajani. Mimi nilingojea kiboko.

“Alikuambia wasiyale?”

“Ndiyo, Baba.”

“Kesho uvae nguo ya kanisa.”

Tulimkuta Mama Ndunge uani kwa kaka yake, akipura maharagwe. Baba akapiga magoti palepale kwenye maganda, nami kando yake.

“Mama, tumekukosea. Rudi nyumbani. Mlango nitautengeneza mwenyewe.”

Mama Ndunge alinigeukia mimi. “Ulimwambia?”

“Nilisahau.”

Akafumba macho. “Wewe ulikuwa mtoto,” akasema. Kisha akamtazama Baba. “Lakini wewe ulikuwa mzee wa kanisa. Nimewasamehe. Ila kule siwezi kulala tena.”

Siku hizi nafundisha kemia, na Jumapili niko kanisani. Wanafunzi huniuliza nawezaje yote mawili. Nawaambia kwamba yule afisa alituletea jibu la kweli, na kama lingetufikia mapema tusingezika watoto wawili. Lakini jibu lile halikumpeleka mtu yeyote Katangi. Kilichompeleka Baba ni imani, imani ileile aliyoomba nayo kabla ya kumfukuza mwanamke asiye na hatia, na hapo ndipo ninaposhindwa kuwapa wanafunzi jibu fupi. Kuhusu Mutheu, sijapata mahali pa kuutua mzigo wangu, si maabarani wala madhabahuni.

Baba aliacha uzee wa kanisa mwaka uleule. Aliendelea kusali hadi mwisho wa maisha yake, lakini hakuna aliyemsikia tena akiomba kwa sauti mbele ya watu.