Kaunta Katikati ya Sebule

Duka la baba mkwe lilipofungwa na kugeuzwa nyumba, mshonaji alihamia humo na mumewe. Miaka nenda miaka rudi, akawa anapita kiubavubavu kwenye kaunta ya mbao iliyobaki katikati ya sebule, na nyonga yake ikawa inagongwa kila siku. Uzeeni akamwita seremala aing'oe. Afisa wa mambo ya kale akasikia, akaja mbio.

"Mama, kaunta hii ni urithi wa mji mzima!"

"Urithi? Kitinda mimba wangu nilimzalia juu yake, mwanangu."

Mwishowe wakaelewana: kaunta isivunjwe, isogezwe ukutani. Seremala alipomaliza, bibi akapita katikati ya sebule kifua mbele, akarudi, akapita tena, huku akicheka.