Achari ya Saa Nne

Tokie Karasawa hakuwa mtu wa kutulia tangu azaliwe, lakini baada ya mumewe, Tomezo, kuanguka chooni mwezi wa pili, basi tena. Akikaa, anainuka. Akiinuka, anasahau alichoinukia. Tomezo akikohoa, Tokie huyo mlangoni. Tomezo akinyamaza ndiyo balaa zaidi: anaacha vyombo majini na kukimbia kuhakikisha kama mzee bado anapumua.

"Niache nisome gazeti, mwanamke. Sijafa."

"Sema kitu kirefu nisikie kama ulimi ni mzito."

"Mke wangu amepata wazimu na mimi nimechoka. Inatosha?"

Kiharusi kile kilikuwa chepesi, kilimwachia Tomezo ganzi ya vidole viwili tu. Lakini daktari wa zahanati alimwita Tokie pembeni, akamwambia bila kuzungukazunguka: presha ikibaki hapo ilipo, kiharusi cha pili kitaondoka naye. Punguzeni chumvi. Rahisi kusema! Huko juu, milimani Nagano, Japani, theluji hufunga njia miezi minne, na watu waliishi kwa chumvi. Mboga zililazwa kwenye mapipa ya chumvi, samaki alifika kijijini akiwa na chumvi yake, na supu ya miso, ile rojo ya soya yenye chumvi kali, ilinywewa asubuhi, mchana na jioni. Wanaume walikuwa wakianguka kabla ya kufika sitini, na watu wakilaumu baridi.

Mwaka huohuo, 1981, zamu ya kuwa mjumbe wa afya ikamfikia Tokie. Zamu hiyo haimkwepi mke yeyote wa kijiji. Miaka miwili unahudhuria mafunzo, unapewa mashine ya presha na kifaa kidogo unachokitumbukiza kwenye supu kikakusomea chumvi, unazunguka nyumba kwa nyumba. Wenzake waliipokea kwa kuguna. Yeye aliipokea kwa mikono miwili.

Nyumbani alipiga marufuku chumvi. Supu ni mara moja kwa siku, tena imejaa viazi, karoti na uyoga hata mchuzi hauonekani. Chupa ya sosi ya soya aliificha kwenye kabati la matandiko. Jioni alimtembeza Tomezo mpaka darajani na kumrudisha, wakibishana njia nzima. Na kila asubuhi, kabla mzee hajanawa uso, alimfunga mkono na kupima. Mia moja sabini na nane. Wiki mbili baadaye, mia moja themanini. Ukafika mwezi wa sita na namba imeng'ang'ania palepale. Aliyekonda ni Tokie.

Huko kwenye ukaguzi nako ilikuwa maajabu matupu. Kila sufuria aliyoipima ilikuwa na chumvi kidogo kama chakula cha mtoto mchanga! Supu ya Hatsue, jirani wa nyumba ya tatu, ilikuwa na ladha ya maji ya kuoshea bakuli. Tokie alijua fika kinachofanyika: mjumbe akionekana tu anakunja kona, birika la maji ya moto linamiminwa sufuriani. Atakosaje kujua, na yeye alifanya vivyo hivyo zamu za wenzake? Aliandika namba, akashukuru, akatoka.

Basi asubuhi moja Tomezo alitoka kukagua mifereji ya mpunga, akasahau kofia. Jua lilikuwa kali. Tokie akaichukua na kumfuata mbiombio, na hakufika mbali. Kicheko cha mumewe kilitoka kibarazani kwa Hatsue. Alikuwa ameketi hapo miguu inaning'inia, chai mkononi, na mbele yake bakuli la achari ya majani. Hatsue alikuwa anaimwagia sosi ya soya juu yake.

"Kula, Tomezo, kula. Kwenu siku hizi najua mnameza tu."

"Hatsue!" Sauti ya Tokie ilipasuka. "Unaniulia mume!"

Tomezo alificha vijiti vya kulia nyuma ya mgongo, mtu wa miaka hamsini na sita. Hatsue hakuficha kitu. Aliweka chupa chini taratibu.

"Mgeni akifika kibarazani kwangu nimpe nini, Tokie? Maji? Watu waseme pipa langu limeoza, au nimemfukuza?"

"Unajua alianguka! Ulikuja kumwona na machozi yako, unajua!"

"Najua. Na wangu je?"

"Wako kafanyaje?"

"Gensaku yuko wapi saa hizi?" Hatsue alisimama. "Yuko kibarazani kwako, anakungoja. Kila siku saa nne akipita kwenda kwenye miti yake ya tufaha. Mpaka usiku ni achari ya Tokie hivi, achari ya Tokie vile, hadi nachukia kuisikia. Mimi nimewahi kukuuliza unamlisha nini mume wangu?"

Tokie hakuwa amelitupa pipa lake la achari. Lilikuwa la wageni, na mgeni hupewa. Miezi yote hiyo alikuwa akimchotea Gensaku bakuli zima huku akiwaza presha ya Tomezo, wala mkono wake haukusita hata mara moja. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Akaitupa kofia mapajani mwa mumewe na kurudi nyumbani karibu akikimbia.

Gensaku alikuwepo kweli, mkubwa, uso mwekundu, anapiga mluzi. Tokie aliingia jikoni, akatoka na chai na sahani ya matango mabichi yasiyo na kitu. Gensaku aliyatazama matango. Akamtazama yeye. Akangoja.

"Pipa limeharibika, shemeji?"

"Limejaa."

Mluzi ulikwisha. Gensaku alirudisha kikombe bila kukinywa, akaanza kutafuta viatu kwa miguu. "Kama nimekukosea, ungeniambia tu."

"Kaa!" Tokie alimshika mkono wa shati. "Siku zote nikija kupima kwenu uko shambani. Kaa hapo."

Alimfunga mashine, akaijaza upepo, akasikiliza. Akafungua, akafunga tena upya. Mia mbili na kumi na nne. Mara ya pili, vilevile.

"Ni nyingi hiyo?"

"Kichwa hakikugongi?"

"Asubuhi tu. Nani hakimgongi?"

Tokie alikaa chini kibarazani, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa pili akakaa bila kuinuka. Machozi yalimtoka naye hakuyafuta. "Mmoja nilikuwa namlinda, wewe nikakulisha," alisema. "Kwa mikono yangu hii."

Gensaku hakuelewa, ila alimwonea huruma. "Basi nipe kidogo tu. Kipande kimoja cha kuagia."

"Sikupi."

"Loo! Umekuwa na roho mbaya, shemeji. Miaka ishirini nakuja hapa."

"Na mwakani nataka uje," Tokie alisema. "Unanisikia? Nataka uje na mwakani."

Gensaku aliacha kutafuta viatu. Kisha akanyoosha mkono akachukua tango moja, akalitafuna polepole, uso umekunjamana, na kikombe chake akakisogeza ili aongezewe chai.