Kiti cha Kushoto

Gari langu lilizima njiani mara kumi na moja, na mara zote kumi na moja nilikuwa peke yangu ndani yake. Nilichelewa kuligundua hilo, kwa sababu katika daftari langu sikuwa na safu ya kuandika nani yumo.

Ni lori dogo la petroli, la zamani, na tangu litoke kiwandani lilitumia kabureta, kile kifaa cha kuchanganya petroli na hewa. Tulilinunua mimi na mke wangu likiwa limeshachoka. Asubuhi za baridi za Kasulu nilikuwa nashika ufunguo, na yeye, kwenye kiti cha kushoto, ananisikilizia injini. "Ngoja," anasema. "Ngoja kidogo. Sasa." Nikiwasha kabla ya hiyo "sasa", petroli inazidi na plagi zinalowa, tunakaa nusu saa.

Binti yetu alipojifungua mapacha huko Kibondo, mke wangu alienda kumsaidia kwa miezi mitatu. Alichukua na cherehani yake ya miguu, ile yenye meza na stendi ya chuma, ili asikae bure. Miezi mitatu ikawa mwaka. Kila nilipompigia simu kumuuliza atarudi lini, jibu lilikuwa lile lile. Tangu mapacha wazaliwe alikuwa ameacha kuniita baba.

"Babu, nitarudi na cherehani yangu, na cherehani hii siipandishi basi. Njoo na gari."

Kwa hiyo nilichohitaji ni gari lifike Kibondo. Likifika, mke wangu anarudi nyumbani. Hivyo ndivyo nilivyolielewa jambo lenyewe.

Kabureta ilikuwa imekufa kabisa. Fundi wangu wa mjini Kasulu alisema mpya hazipatikani, na za mitumba zina ugonjwa ule ule. Alinishauri tuing'oe tufunge mfumo wa nozeli: nozeli nne za kunyunyiza petroli, pampu mpya kwenye tangi, na kompyuta ndogo ya kuamua petroli kiasi gani iingie. Kompyuta aliificha chini ya kiti cha kushoto, mbali na maji. Asubuhi ya kwanza injini iliwaka mara moja tu nilipogusa ufunguo. Nilikaa pale kidogo, kwa mazoea, nikisubiri mtu aseme "sasa".

Baada ya wiki mbili likaanza kuzima. Halikohoi, halipungui nguvu. Linakatika ghafla kama mtu amezima swichi. Unasubiri, unawasha, linaenda tena. Mara mbili niliondoka kwenda Kibondo na mara mbili niligeuza. Mara ya pili lilizimia kwenye mteremko, breki zikawa ngumu, na lori la nyuma yangu likanikwepa kwa upana wa kiganja. Sikuthubutu tena safari ya Kibondo.

Nilikuwa bwana shamba kabla sijastaafu, na kwa miaka mingi niliandika taarifa za mvua na mazao. Nikafungua daftari. Mahali, saa, joto la injini, petroli tangini, mvua, hali ya barabara. Fundi alibadilisha pampu, akabadilisha chujio, akasafisha nozeli. Kila alipomaliza tulitoka kulijaribu, tukapita chuo cha ualimu na kuendelea, yeye akiwa kushoto kwangu na simu yake gotini akisoma namba za ile kompyuta. Halikuzima hata mara moja.

"Mzee wangu," alisema, "mimi nikiwemo halizimi. Tatizo labda ni uendeshaji."

"Nimeendesha gari kabla hujazaliwa."

"Ndiyo hapo sasa. Ulijifunzia kabureta."

Aliyenifungua macho ni mama mmoja wa Kitanga, mfanyabiashara wa maharage. Nilimkuta barabarani na gunia lake akitafuta usafiri wa Makere, nikampa lifti. Njia nzima injini ilikuwa safi. Nikamshusha, nikamsaidia gunia, nikaondoka. Sijapita hata duka la mwisho, likazima. Akaja akitembea taratibu.

"Mzee, umesahau nini?"

"Limezima."

"Nilipokuwemo halikuzima." Alichungulia ndani, kwenye kiti alichotoka. "Mama yuko wapi?"

"Kibondo."

"Basi limemzoea mama. Mimi limenivumilia tu."

Alicheka, akarudi kwenye maharage yake. Mimi nilitoa daftari. Nilipitia mstari mmoja baada ya mwingine nikikumbuka kila safari, nikachora safu mpya pembeni. Niliandika neno lile lile mara kumi na moja: peke yangu. Ya siku ile ilikuwa ya kumi na moja.

Kurudi, nilinunua gunia la mahindi palepale Makere, nikalikalisha kiti cha kushoto na kulifunga mkanda. Halikuzima mpaka nyumbani.

Kesho yake nilikwenda gereji, gunia nikiwa nimeliacha. Niliacha injini ikiunguruma nikamwambia fundi akae kushoto. Akakaa. Nikateremka nikaitikisa bodi ya gari. Injini ikaendelea.

"Teremka."

Akateremka. Nikaitikisa tena. Ikazima.

Alinitazama, akapanda tena, nikawasha. Tulirudia mara tatu. Kisha akaingiza mkono chini ya kiti na kupapasa waya mmoja mmoja. Waya wa eathi wa kompyuta, ule unaorudisha umeme kwenye bodi, alikuwa ameufunga kwenye bolti ya mguu wa kiti, juu ya rangi. Mtu akikaa, mguu unabana na umeme unapita. Kiti kikiwa kitupu, waya unacheza.

"Bolti ilikuwepo tayari," alisema. "Na kila siku nimelijaribu nikiwa nimelikalia kosa langu mwenyewe."

Alikwangua rangi hadi chuma kikang'aa, akaufunga waya kwenye bodi kwa bolti yake yenyewe. Jumamosi nilienda Kibondo.

Cherehani ilikuwa barazani, imeelekezwa barabarani. Kando yake kulikuwa na rundo la vitambaa vya sare za shule, vimekatwa lakini havijashonwa. Mke wangu alikuja na pacha mmoja mgongoni, akafungua mlango wa kushoto, akakaa. Akasikiliza injini, ambayo sikuwa nimeizima.

"Halitetemeki tena."

"Hapana."

"Sasa hata sijui ningekuambia nini." Alikaa kidogo, akashuka. "Babu, nimepokea kazi ya shule nzima. Nimalizie hizi kwanza."

"Mpaka lini?"

"Nitakupigia."

Nililala pale usiku mmoja. Wakati wa kurudi nilipita Makere, nikapita ule mteremko, kiti cha kushoto kikiwa kitupu. Nyumbani niliandika mstari wa mwisho: Kibondo hadi Kasulu, peke yangu, halikuzima.

Juzi alipiga simu kuuliza kama mkasi wake mkubwa uko nyumbani. Niliutafuta nikaupata kwenye droo ya kabati. Nikamwambia upo. Akasema vizuri, halafu mtoto akalia na simu ikakatika. Hajasema kama niupeleke au nimwekee.