Kitu Kilichoingia kwa Jirani

Mume wangu alikuwa machimboni, akirudi nyumbani kwa nadra, nami jioni nilijifunza kulehemu. Ofisini Shituru, ambako mimi ni karani, printa zilizokufa zilikuwa zinatupwa, nikaomba ruhusa ya kuzichukua. Nilizifungulia mezani nyumbani, mtaa wa Kikula, nikatoa mota ndogo, magurudumu ya meno na nyaya. Wenzangu katika kazi hiyo niliwajua kwenye simu tu, watu wa mbali wanaoonyeshana vidude walivyounda, vya kutembea vyenyewe. Wapo wanaoamini kwamba siku moja kitu kama hicho kitaamka na kuishi kweli. Niliposoma maneno hayo mara ya kwanza nilicheka. Niliporudia kuyasoma sikucheka.

Changu kilikuwa na ukubwa wa kiatu cha mtoto. Mgongoni kilibeba kipande cha sola, mbele kilikuwa na macho mawili ya kuhisi mwanga na sharubu za waya. Kompyuta hakikuwa nayo. Jicho la kushoto likipata mwanga zaidi, mota ya kulia huongeza kasi, basi kinageukia mwanga. Sharubu zikigusa ukuta, kinarudi nyuma. Ni hivyo tu. Lakini nilipokitazama uani kikitafuta jua, kikisita, kikabadili nia, hayo "ni hivyo tu" yalinishinda kuyatamka.

Jumamosi moja nilikuwa nafua, na mlango wa lupango, yaani ua wangu, uko wazi. Nilipoinua kichwa, kidude changu hakipo. Nikatafuta nyuma ya mapipa, nikasogeza mbabula, jiko langu la mkaa. Hakuna.

Jirani yangu ni bibi mzee ambaye wazazi wake walitoka Kasai kuja kufanya kazi ya migodi. Anamlea mjukuu wake peke yake. Wiki hiyo mtoto alikuwa na homa, na wamama wa kanisa walikuja kumwombea. Nilisikia wimbo wao unakatika katikati. Kisha mtu akapiga kelele.

Nilikimbia na mikono yenye sabuni. Mtoto alikuwa amelazwa mkekani juani, maana alitetemeka kwa baridi. Karibu na miguu yake kulikuwa na beseni lililofunikwa kifudifudi, na bibi ameliwekea mkono juu. Wamama walikuwa wamerudi hadi ukutani.

"Nani alituma ile kintu kwa mutoto?" aliuliza mmoja wao, mke wa shemasi.

Ningeweza kunyamaza. Kwetu, jina la uchawi likimshika mwanamke anayeishi peke yake, hakuna sabuni ya kulitoa.

"Ni yangu," nikasema. "Minye njo niliitengeneza."

Bibi akanitazama. "Iko na roho?"

"Hapana, mama. Iko na moteri."

"Na nani anaiambiaka kwenda?"

"Jua tu. Ukifunika, inasimama."

"Hata kuku ukifunika inanyamazaka," akasema mke wa shemasi.

Niliinua ukingo wa beseni ili niwaonyeshe nyaya. Jua likaipiga sola, na kitu kikageuka taratibu kuelekea mkono wangu. Nilijua sababu, nilikuwa nimeilehemu mwenyewe. Hata hivyo mkono uliruka nyuma kabla sijauamuru, na wote waliuona.

"Ichomwe," wakasema.

Hapo mtoto akakakamaa. Macho yakageuka, taya zikabana. Sijui nani alisema nini baada ya hapo. Nilimbeba, bibi akanifuata, tukasimamisha pikipiki ya teksi barabarani, tukapanda wote hadi kituo cha afya.

Muuguzi alisema ni malaria, imepanda kichwani. Wakamtundikia dripu. Tukakaa kwenye benchi la korido, bibi na mimi, na hofu ikaanza kunifanyia hesabu zake: mtoto akifa, nitarudije Kikula? Nani atasikia habari ya mota na jua? Niliomba Mungu, na nikiwa naomba nikagundua kwamba nachanganya, nusu namwombea mtoto, nusu najiombea mimi. Bibi alikuwa ameukazia macho mlango wa wodi tangu tufike.

"Mama," nikamwambia mwishowe, "unafikiri ni minye?"

"Nafikiri mutoto," akajibu. "Weye, kaa kimya."



Kulipopambazuka mtoto alifungua macho akaomba uji. Bibi alilia kidogo, akajifuta kwa ncha ya kitenge, akaenda kuutafuta huo uji. Waliporuhusiwa kurudi nyumbani, wamama walishukuru nguvu ya maombi, na sikuwapinga. Beseni lilikuwa palepale; hakuna aliyethubutu kuligusa. Bibi alikitoa kitu mwenyewe, akakifunga katika kitambaa, akanikabidhi kwa mikono miwili.

Bado natengeneza, ila mlango naufunga. Mke wa shemasi hunisalimu akiwa upande wa pili wa barabara, na wapo watoto waliokatazwa kupita kwangu. Kila homa ikizuka mtaani moyo wangu hushtuka kwanza, ndipo naulizia mgonjwa ni nani.

Asubuhi moja tulikutana na bibi bombani.

"Ile kintu yako," akasema, "ulishaipatia jina?"

"Hapana, mama."

"Usiipatie."

Kisha akaniomba nimsaidie kujitwika bidoni lake la maji.