Wivu Wangu kwa Minza

Mwanangu, kuna siku moja ambayo naikumbuka mpaka harufu yake. Ulikuwa msimu wa kuchuma pamba, niko darasa la nne, na Mwalimu Lutonja alisimama mbele yetu kusoma matokeo ya jaribio. Alianza na jina la Minza. Kila mara alianza na Minza. Jina langu, Kabula, lilikuja nyuma kabisa, baada ya Shija aliyekuwa akisinzia darasani, na baada ya Nkwabi aliyekuja shule siku anayojisikia.

Minza hakuwa mtu baki. Tulikuwa watoto wa baba mmoja, Mzee Masanja. Mama yangu, Ng'washi, alikuwa mke mkubwa, na mama yake, Holo, mke mdogo. Tulizaliwa mvua za mwaka mmoja, mimi nikamtangulia kidogo, ndiyo maana akaniita dada. Tulichunga ng'ombe walewale, tukala michembe ileile ya viazi vilivyokaushwa, tukaenda shule kwa njia moja, pale kijijini kwetu upande wa Samuye. Sasa niambie, mtu kama huyo akikushinda utasingizia nini? Akikushinda mtoto wa mbali utasema kwao wana taa nzuri. Akikushinda wa nyumbani kwenu, huna kichaka cha kujificha.

Jioni ile baba alimwita Minza kwenye shikome, pale penye moto wa wanaume, mahali ambapo sisi wasichana tulipita tukiwa tumeinamisha vichwa. Akampa gazeti lililofungiwa sukari, akamwambia awasomee wazee. Minza akapiga magoti, akasoma. Wazee wakaitikia kama wako kanisani. Mimi nilikuwa nimebeba maji ya kunawa, na nakwambia kweli, yale maji nilitamani nimmwagie.

Jambo lenyewe halikuwa la sifa tu. Enzi hizo ukitaka kuingia darasa la tano ulipaswa kufaulu mtihani wa la nne, na shule ya juu ilikuwa mbali, ya kulala hukohuko. Baba alikuwa ameshasema wazi kwamba atakayefaulu ataenda, na asiyefaulu atabaki na ng'ombe mpaka waje ng'ombe wengine, yaani wa mahari. Kwangu walikuwa wameshaanza kuuliza. Mwenye kuuliza alikuwa Luhende, mtu mzima mwenye ndevu, ambaye mimi nilimwamkia shikamoo.

Nikamlalamikia mama. Mama naye alikuwa na lake moyoni. Mke mwenza ni mke mwenza. Akaacha kupepeta mtama, akasema, "Huyo mtoto analala kama wewe, anakula kama wewe, na mama yake hata kuhesabu vifaranga hawezi. Hiyo akili kaitoa wapi?"

Hapo nikamwambia nilichokuwa nimekiona. Kila asubuhi, kabla ya kengele, Minza alijitenga nyuma ya shule, akasimama mbele ya ua wa minyaa, akawa ananong'ona peke yake. Midomo inacheza, mkono unapanda na kushuka, mara anatikisa kichwa, mara anarudia. Mama akapiga kofi pajani. Akasema ndiyo hiyo, ni dawa. Wacheza ngoma wetu si walikuwa na dawa zao za kuvuta watu? Basi Holo amemfanyia mwanawe ya darasani.

Kosa hilo, mwanangu, ni la kwetu kabisa. Mtu wa kwetu akiona jirani amevuna sana, haulizi alipalilia lini, anauliza amekwenda kwa nani.

Kesho yake mama alikamata jogoo mwekundu wa babu, akampeleka kwa mfumu, mganga mmoja aliyeitwa Ngassa. Akarudi na unga mweusi. Nilambe kidogo, kidogo nijipake kwenye paji la uso siku ya jaribio. Na sharti: nisifungue daftari mpaka siku hiyo, nisije nikaichokoza dawa. Sharti tamu kama nini! Wenzangu wakichora hesabu mchangani machungoni, mimi nilijilaza nikiangalia mawingu.

Siku ikafika. Nikaingia darasani na paji jeusi. Nkwabi akageuka akaniuliza kama leo nimepikia uso. Nilijua nitamjibu kwa alama. Mwalimu akaandika maswali ubaoni. Nikashika kalamu, nikakaa nikisubiri majibu yaje. Nikasubiri. Nzi akatua kwenye daftari, akatembea, akaruka. Majibu hayakuja. Nikawa wa mwisho, na safari hii hata Shija alishangaa.

Aliyeifichua habari hii ni jogoo. Babu yetu Jilala, mzaa baba, ambaye sisi tulimwita guku, alimtafuta jogoo wake asimwone. Akauliza, mama akababaika, na mimi nikalia kabla sijaguswa, nikasema yote mpaka ya minyaa. Babu hakupiga kelele. Aliniambia nimfuate zizini, akawa anamkuna shingoni maksai mmoja mwekundu. Babu alikuwa fundi wa kufundisha ng'ombe kulima. Watu walimletea madume kutoka vijiji vya mbali.

"Kabula, huyu mwaka jana alikuwa akifanya nini akimwona yule mweusi anatangulia?"

"Alikuwa anampiga pembe, guku."

"Nilimchinja?"

"Hapana."

"Nilifanyaje?"

"Ulimfunga nira moja na yule mweusi."

Akaendelea kumkuna. Kisha akasema, "Mwenye kukasirika akipitwa ana nguvu, mjukuu wangu. Asiyejali kupitwa ndiye siwezi kumfundisha. Lakini nguvu zako zinaishia kwenye pembe. Kesho utasimama na Minza kwenye hiyo minyaa. Na jogoo wangu utanifugia mwingine."

Asubuhi nikaenda nimenuna. Minza alikuwa amesimama palepale, ananong'ona. Aliponiona hakushtuka. Nikamwuliza anaongea na nani.

"Naifundisha," akasema. "Ya jana yote naisimulia bila daftari. Nikikwama, najua hapo sijui, nakwenda kumwuliza Mwalimu. Njoo basi uwe mwanafunzi wangu, dada. Minyaa hii haijibu."

Mwanangu, nilitamani ardhi inimeze. Ndiyo dawa yenyewe? Usione vyaelea, vimeundwa, walisema wa kale, nami nilikuwa nimekazana kutazama vinavyoelea. Yule mtoto hakuwa na akili ya ajabu. Alikuwa anakwama kama mimi. Tofauti yetu ni kwamba yeye alikwenda kupatafuta mahali anapokwama, na mimi nilipakimbia.

Tukaanza. Anasimulia yeye, nasimulia mimi. Nikikosea alicheka, na kicheko chake kilinichoma, na nikichomwa nilikwenda kusoma ili kesho asicheke. Wivu haukunitoka hata kidogo, usije ukadhani niligeuka malaika. Nilikuwa namwonea wivu Minza kuliko mwanzo, kwa sababu sasa nilimwona kwa karibu. Lakini wivu ule ulikuwa unalima.

Mtihani ulikuja pamoja na mvua za kwanza. Majina yaliposomwa Minza alikuwamo. Mimi sikuwamo. Mwalimu Lutonja aliniita pembeni, akaniambia nimekosa kidogo tu, na kwamba kama ningeanza tangu pamba inatoa maua, si ilipokwisha kuchumwa, tungeondoka wawili. Neno hilo halikuwa la kunifariji. Ni kweli tupu, na kweli haina mafuta.

Siku ya safari nilimbebea Minza sanduku lake la bati mpaka barabarani. Lilikuwa jepesi, lakini nililihisi kama nimebeba jiwe la kusagia. Gari la mizigo likaja, akapanda juu ya magunia ya pamba, akapunga mkono mpaka vumbi likamfunika. Nikarudi nyumbani nikamkuta Luhende amekaa na baba. Huyo ndiye akawa mume wangu, babu yenu. Alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu, lakini sikumchagua. Nilimpata kwa sababu ya miezi niliyomchungulia Minza badala ya kusoma.

Minza akawa mkunga. Amezalisha nusu ya akina mama wa Runzewe, sasa amestaafu, anakaa Geita mjini. Akija kunitembelea anavaa miwani yake, anasoma maandishi madogo ya kwenye dawa zangu bila kukwama, na moyo wangu bado unafurukuta. Nimezeeka, wivu wangu haujazeeka. Ndio ulionipeleka kwenye kisomo cha watu wazima nikiwa na mtoto mgongoni, ndio unaonifanya niandike haya kwa mkono wangu, herufi zangu zikiwa zimelala kama mtama uliopigwa na upepo. Husema mwenye wivu ajinyonge. Mimi nasema asijinyonge, ashike daftari.

Nawaandikia nyinyi mnaosoma leo, hasa nyinyi wa Katoro, mnaomwona mwenzenu aliyeacha shule akapata dhahabu kidogo machimboni, akanunua pikipiki, akapita mbele ya darasa akipiga honi. Mnamwonea wivu, najua. Na yule anayekuwa wa kwanza mnasema mwalimu ni mjomba wake, au amepewa mtihani kabla, au ana kitu mfukoni. Acheni kumpekua mwenzenu mifuko. Mwulize jana jioni alifanya nini, ukae karibu naye, ukubali akucheke. Ya leo yasimulie leo bila kutazama daftari, kwa mdogo wako, kwa mbuzi, kwa ukuta. Utakapokwama hapo ndipo kazi yako ilipo. Usimdharau mwalimu kwa sababu viatu vyake vimechakaa. Usimtie mwenzako pembe. Asiyekuzidi hawezi kukuvuta. Na anza mapema, jamani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kuinama kunataka muda, haba na haba, si wiki moja kabla ya mtihani.

Sasa nenda, mwanangu. Mungu akupe masikio ya kusikia unaporekebishwa na uso usioona haya kuuliza. Akujalie rafiki anayekuzidi na moyo wa kumpenda hata anapokuzidi. Jina lako likisomwa, wazazi wako wawepo kulisikia. Na siku lisiposomwa, uwe na nguvu za kuamka kesho yake ukaanza tena. Mimi bibi yako Kabula nimekutemea mate ya baraka. Ukue, uwe mtu.