Gari Lililokula Tofali za Pugu

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, nilikaa nyuma ya usukani wa gari zuri kuliko yote ya mtaa wetu wa Tabata, nikamwomba Mungu lisiwake. Watu wengine huomba gari liwake. Mie siku hiyo niliomba likohoe, litoe moshi, lifie palepale uwanjani. Na lile gari, lililokuwa limenitesa mwaka mzima na zaidi, likawaka kwa mguso mmoja, likanguruma taratibu kama paka aliyeshiba.

Nakusimulia haya kwa sababu juzi nimekuona umeinamia simu, macho yamekutoka, unanionyesha picha ya gari la namna ileile. Ukaniambia, "Mzee, hili bei yake ni bure kabisa." Hilo neno "bure" ndilo lililoninyima raha tangu juzi.

Enzi hizo nilikuwa na miaka thelathini na kidogo. Nilikuwa fundi makochi pale Keko, na kwa mtu wa darasa la saba mambo hayakuwa mabaya. Mke wangu, Mama Nuru, alikuwa anauza chai na vitumbua asubuhi, hapo hapo kwenye nyumba tuliyopanga. Kidogo kidogo tukanunua kiwanja Pugu, tukamwaga msingi, tukafyatulisha tofali za kutosha nyumba nzima, zikapangwa pembeni zikingoja siku yake. Mama Nuru alizipenda zile tofali we acha tu. Mvua ikinyesha usiku ananigusa bega, "Baba Nuru, zile za chini hazitaoza?" Namwambia tofali haliozi. Anasema, "Najua. Nauliza tu."

Ndipo akaja Shebe. Simfichi jina, dalali wa magari huyo, mtu wa maneno laini. Alikuja Keko kuulizia kochi, akanikuta nafunga mbao kwenye pikipiki.

"Braza," akaniambia, "wateja wako wakubwa wakija wanakukuta na hii pikipiki, watakupa bei ya mkubwa au bei ya fundi?"

Kesho yake akaniletea gari. Jeusi, la Kijerumani, viti vya ngozi rangi ya maziwa, ukibonyeza kitufe linajiinua, ukibonyeza tena linashuka. Bei aliyotaja ilikuwa sawa na ya kigari kidogo cha kawaida. Nikajiona nimemwibia! Sikujiuliza hata mara moja kwa nini mwenye nalo analitoa kwa bei ile. Nilidhani ukishalipa bei ya gari, umemaliza gharama ya gari. Nikakusanya akiba yote ya kuezekea nyumba, nikampa.

Utamu ulikuwepo, sitakudanganya. Mtaa mzima wakaanza kuniita bosi. Lakini bosi ana bei yake. Kamati za harusi zikawa zinaniandika mapema kwamba gari la kubeba bibi harusi ni langu, na kadi ya mchango wanayoniletea ni ile ya wakubwa. Msibani watu wakitoa rambirambi, mie natazamwa mkono. Hata vijana wa kuosha magari walinipandishia. Nikilalamika, wananiambia, "Bosi, hili gari la heshima, hatuwezi kuliosha kwa bei ya bajaji."

Jirani yetu mmoja, Mzee Likwata, alikuwa dereva mstaafu. Alikuwa amewaendesha wakubwa maisha yake yote. Akalizunguka gari langu, mikono nyuma, akatikisa kichwa.

"Zuri," akasema. "Nimeendesha ndugu zake miaka mingi. Ila bosi wangu hakuwahi kulitengeneza hata siku moja. Likiumwa, mie naandika karatasi, napeleka ofisini, naenda zangu kunywa chai. Sasa wewe, kijana wangu, karatasi utampelekea nani?"

Nikacheka. Nikaona mzee ana uchungu wa kustaafu. Leo natamani ningemfuata barazani kwake nikamsikiliza mpaka jua lizame.

Mwezi wa tatu tangu nilinunue, naamka asubuhi, nakuta gari limekaa chini, tumbo linagusa mchanga. Vijana wa mtaani wakaniwahi: "Bosi, gari lako limesujudu!" Nikalipeleka kwa fundi Mudi, gereji ya hapo Tabata. Na huyu namtaja. Akalipima na mashine yake, akashika kiuno.

"Shokapu ya hewa moja imekufa, bosi. Tunabadili zote nne."

"Si umesema iliyokufa ni moja?"

"Ukibadili moja, nyingine zitaona wivu."

Zile shokapu dukani hazikuwepo, zinaagizwa nje. Na aliyenunua gari kwa akiba yake yote, akiba nyingine anaitoa wapi? Nikaenda Pugu peke yangu. Jirani wa kiwanja chetu alikuwa anajenga ukuta. Nikamuuzia tripu moja ya tofali. Nikajiapiza mwezi ujao nazirudisha.

Mwezi ujao ikafa pampu ya hewa. Ikafuata gia. Likawa linavuja oili, na ili kufika panapovuja inabidi kwanza kufungua nusu ya injini. Mafuta sikwambii: kutoka Tabata mpaka Keko kwenye foleni, unaona mshale unashuka huku unautazama. Miezi ilivyokwenda nikawa nahesabu matengenezo kwa vyumba. Shokapu zilikula chumba cha mtoto wetu Nuru. Pampu ikala jiko. Gia ikala sebule na ukumbi. Hata nondo tulizokuwa tumeshanunua zikaenda kwenye matairi. Baadaye sana ndiyo nikaja kuambiwa kuwa Mudi alikuwa anatoa vifaa vyangu vizima na kumfungia mteja mwingine. Mungu anamwona.

Utaniuliza, si ungeliuza? Nilimpigia Shebe. Unajua alinijibuje? "Braza, gari hizo hazina soko kabisa, zinasumbua." Shebe yuleyule!

Mama Nuru sikumwambia. Kila nikitaka kumwambia, naona nimalize hili moja kwanza.

Ndiyo tunafika Jumapili ile. Mama mkwe wangu, Bi Somoe, alikuja kutoka Lindi, na mwanawe alikuwa amemsimulia habari za nyumba kwenye simu mpaka basi. Asubuhi Mama Nuru akavaa kitenge kipya, akaniambia, "Leo tumpeleke mama akaone Pugu. Gari si lipo?"

Nikamwambia gari haliko vizuri.

"Si jana umelitoa kwa Mudi?"

Nikachukua funguo. Gari nimeshakwambia lilivyowaka. Na njiani, mwanangu, halijawahi kwenda vile. Matuta tunayapita kama tumelalia godoro. Nikategemea foleni ya Gongo la Mboto, Jumapili hiyo barabara nyeupe. Bi Somoe yuko nyuma anapapasa kiti cha ngozi, anauliza, "Eti baba, tunakwenda au tumesimama?" Mama Nuru anacheka kwa fahari. Mie jasho linanitoka na kiyoyozi kinapuliza.

Tulipofika, Mama Nuru akashuka wa kwanza, akamshika mama yake mkono, akampandisha juu ya msingi. Hakutazama pembeni kabisa, furaha ilimjaa. "Hapa sebule, mama. Hapa jiko. Na hiki, chenye upepo, ndiyo chumba chako ukija." Ndipo akageuka aonyeshe tofali. Akakuta majani.

"Baba Nuru, zimeibwa?"

Ona jinsi alivyonipa njia, hata mwenyewe hakujua. Neno "ndiyo" lilishafika kwenye ulimi. Mara yule jirani akachungulia juu ya ukuta wake, akapunga mkono: "Ah, karibu! Leo una tripu nyingine?"

Mama Nuru akautazama ule ukuta. Akazitambua tofali zake.

"Pesa yake iko wapi?" akaniuliza polepole.

Nikamwonyesha gari.

"Yote?"

"Yote."

Akakaa juu ya msingi, akajifunika uso na ncha ya mtandio. Mie nikakimbilia kumfungulia mama mkwe mlango wa gari, nione kama walau yeye nitamsitiri. Bi Somoe akanitazama bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniumiza.

"Hapana, baba," akasema. "Nikikaa humo nitakuwa nimekalia chumba changu."

Akamwinua mwanawe, wakatembea mpaka barabarani, wakapanda bajaji. Nikawafuata nyuma na gari langu la kifahari, taratibu, mwendo wa bajaji, mpaka Tabata.

Mama Nuru hakuniacha. Kwa nini, sijui. Nikimuuliza ananiambia nimwache apike. Gari nililiuza vipande kwa mtu wa spea, milango kwake, injini kwa mwingine, na pesa yote ilitosha tofali za chumba kimoja. Tukajenga kile chenye upepo, tukahamia wote humo. Vingine vilichukua miaka kumi na moja. Bi Somoe aliwahi kulala humo mara mbili kabla hajafariki, na mara zote mbili alinibebea korosho kutoka Lindi kama mkwe wa maana.

Sasa nisikilize. Siyachukii magari mazuri, na wewe nakuombea makubwa kuliko hayo. Ila kabla hujamsikiliza dalali, nenda dukani kaulize bei ya shokapu zake, pampu yake, matairi yake, bima yake. Kaulize kwa mafundi wawili wasiojuana. Ukiona ili kulitengeneza itabidi uguse kitu kinachosimamisha nyumba yako, hilo gari ni la mwenzako, mwache alipande na umpungie mkono. Gari la kifahari likizeeka linashuka bei, lakini vifaa vyake havishuki. Alilitupa aliyekuwa na uwezo, utaliweza wewe?

Na Shebe na Mudi nimewataja kwa sababu wapo wengine kama wao, na wana watoto wanaowarithi kazi. Lakini wao hawakuwahi kulala kitanda kimoja na Mama Nuru wakamsikia akiulizia tofali. Mie ndiye niliyekuwa namjibu.

Mungu akupe riziki pana, mwanangu. Akupe gari dogo lenye spea kila duka. Akupe na mwenza wa kukuuliza maswali, na siku akikuuliza, akujalie ulimi wa kumjibu kweli siku hiyohiyo.