Kengele Zilizonyamaza Nabuyonga

Msimamizi wa zahanati moja ya Nabuyonga, Mbale, aliyewahi kuwa askari magereza, alinipigia simu asubuhi kunishukuru.

"Bwana, kazi yako mzuri. Simu ya manesi iko kimya wiki mzima. Hapana sumbua mtu tena."

Nilikuwa nyumbani Mpumudde, Jinja, chai mkononi, na shukrani ile haikunipendeza hata kidogo. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Mimi ni fundi wa mfumo wao wa kompyuta, niliourithi kwa mtu mwingine, na kazi kubwa ya mfumo huo ni kuwatumia manesi onyo kwa simu mgonjwa anapoandikiwa dawa isiyopatana na ile anayotumia tayari. Zahanati inayojaa wagonjwa kama ile haikai wiki bila onyo. Na mama yangu hutibiwa pale. Anameza dawa ya kuzuia damu isigande.

Nikafungua programu. Mgonjwa mmoja hutumia dawa nyingi, na dawa moja hutumiwa na wagonjwa wengi, kwa hiyo wagonjwa wana jedwali lao, dawa zina lao, na kinachowaunganisha huwekwa kwenye jedwali la tatu, katikati. Mgonjwa akiongezewa dawa, hilo tu ndilo linalobadilika. Rekodi ya mgonjwa haiguswi, wala ya dawa. Na kengele ya onyo ilitegwa kwenye rekodi ya mgonjwa, ikingoja mtu aihifadhi upya. Kule katikati hakuna aliyesikiliza.

Mbona zamani ililia? Nikampigia afande, yule msimamizi.

"Ah, ile sista mzee," akacheka. "Akiweka dawa kwa kompyuta, lazima anarudi kwa mgonjwa, anabonyeza 'hifadhi' tena. Anasema kompyuta nasahau kama mtu. Sisi nacheka yeye tu. Wiki iliyopita alistaafu, akaenda kwao Busiu."

Kumbe kidole chake ndicho kilichokuwa kengele, na mwenyewe hakujua. Nilishikwa na hofu. Nikamwambia afande dawa mpya zote zisitolewe mpaka zikaguliwe, kisha nikampigia mama. Ni mjane wa mwanajeshi, na Kiswahili chake ni cha kambini.

"Mama, wiki hii ulienda zahanati?"

"Nilienda. Magoti ilikuwa nauma sana. Daktari alinipa vidonge, mzuri kabisa, sasa natembea."

"Usimeze tena hata kimoja!"

"Wewe nawe! Mimi iko sawa." Nikamsikia akitema mate. "Ni hii damu tu, kwa meno. Tangu jana imekataa kusimama."